Kipupwe barabarani: Njia ya Takaungu na picha zinazostahili kubaki

KILA shule zinapofungwa mwezi Agosti, barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi hujaa magari ya familia kutoka bara. Wengi wa wasafiri hao huiona safari yenyewe kuwa adha ya kuvumiliwa kabla ya kufika hotelini. Huvuka Mtwapa, Vipingo na Kilifi vioo vikiwa vimefungwa, na picha wanazorudi nazo nyumbani hufanana kama mapacha: bwawa la kuogelea, sahani ya samaki na watoto waliosimama mbele ya mnazi.

Ilhali katika kilomita zipatazo 120 kati ya Mombasa na Malindi mna mashamba ya mkonge, mibuyu mikongwe, mahori ya bahari, msitu mkubwa na magofu ya miji iliyowahi kuwa na biashara na ulimwengu. Katikati ya njia hiyo, kilomita kumi hivi kusini mwa Kilifi, ipo barabara ndogo inayokata kuelekea baharini hadi Takaungu, mji mdogo ambao historia yake ni kubwa kuliko ukubwa wake.

Msafiri mwenye kamera, au hata simu ya kawaida, anaweza kuigeuza safari hiyo kuwa kumbukumbu ya thamani. Anachohitaji ni kuyaelewa mambo matatu ambayo wenyeji wa pwani wameyajua tangu zamani: majira, jua na maji. La nne, ambalo ndilo gumu, ni adabu.

Majira ya kipupwe

Watu wa bara husema pwani haina baridi. Mswahili hakubaliani nao, kwani anayo majira aliyoyapa jina: kipupwe. Ni kipindi cha kati ya Juni na Agosti, baada ya mvua za masika, pepo za kusi zinapovuma kwa nguvu kutoka kusini. Joto la mchana hushuka hadi nyuzi 27 au 28, na alfajiri wazee hujifunika shuka.

Kwa mpiga picha, kipupwe kina faida na hasara zake. Ardhi bado ina rangi ya kijani iliyoachwa na masika. Mawingu hutembea angani siku nzima, na manyunyu hupita kwa dakika chache kisha jua likatoka tena. Mbingu yenye mawingu hupendeza pichani kuliko anga tupu la mwezi Februari, na mwanga uliochujwa na wingu hauzichomi nyuso wala kuta nyeupe.

Hasara iko baharini. Kusi huyachafua maji na kuupakaza ufuo mwani. Anayetazamia bahari ya buluu iliyotulia kama kioo atavunjika moyo. Hiyo ni ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa hiyo Agosti si wakati bora wa kupiga picha chini ya maji, hata katika eneo la Kuruwitu karibu na Vipingo, ambako wanakijiji walitenga takriban hekta 30 za bahari mwaka 2006 ili samaki na matumbawe yapate kupumua. Juhudi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Katika kipupwe, uzuri wa mahali hapo huonekana vyema zaidi mtu akiwa nchi kavu.

Pepo hizo ndizo zilizoijenga pwani. Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba, nayo kusi ikavirudisha vikiwa vimesheheni. Anayepiga picha ya minazi iliyoinama kuelekea kaskazini anapiga picha ya nguvu ile ile iliyosukuma tanga za majahazi kwa karne nyingi.

Jua halingoji

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, jua huchukua muda mrefu kuzama, na mpiga picha hupata nafasi ya kutafakari. Kilifi iko chini ya nyuzi nne kusini mwa ikweta. Hapa jua huchomoza na kutua wima, na mwangaza wa utusitusi hudumu kwa dakika ishirini hivi tu. Mwezi Agosti hali hiyo hutokea karibu saa kumi na mbili na nusu, asubuhi na jioni. Anayesema atasimama mbele kidogo, huenda akafika kukiwa tayari ni giza.

Pwani hii hutazama mashariki. Hivyo asubuhi jua hutoka baharini, na anayelielekea hupata vivuli vyeusi vya ngalawa na minazi juu ya maji yanayong'aa. Alasiri mambo hugeuka. Jua huwa nyuma ya mtu anayetazama bahari, na ndipo rangi za maji, tanga na mchanga hujitokeza sawasawa. Machweo hayako baharini kamwe, bali upande wa bara. Hata hivyo, mtu anaweza kuyapata juu ya maji akiwa kwenye hori linaloingia ndani ya nchi, kama lile la Kilifi.

Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri jua huwa kali na huwa juu mno. Vivuli hujificha chini ya vitu, macho ya watu hugeuka mashimo meusi, na kila kitu huonekana bapa. Saa hizo zifaazo kidogo kwa mandhari ni nzuri kwa msitu, kwa vibaraza, na kwa chakula cha mchana.

Maji yana saa zake

Wageni wengi hulalamika kwamba walifika ufuoni wakakuta hakuna ufuo, au walifika horini wakakuta matope. Kosa halikuwa la mahali bali la saa. Maji ya pwani ya Kenya hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi.

Msafiri asiye na jedwali la maji anaweza kuutazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa kubwa, na aghalabu maji hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu: tofauti hupungua na saa hugeuka, yaani maji hujaa asubuhi ile ambayo wakati wa bamvua yangekuwa yamepwa.

Maana yake kwa picha ni dhahiri. Katika siku za bamvua, hori la Takaungu hufurika jioni, jua likilimulika kutoka upande wa bara. Maji hupata kina na rangi, na mikoko husimama ndani yake. Asubuhi ya siku hizo hizo mchanga na miamba hutoka wazi, na watu hushuka kutafuta chaza na pweza. Ni mahali pamoja, lakini ni picha mbili tofauti kabisa. Mwenyeji yeyote atakayeulizwa atajibu kwa uhakika kuliko kitabu.

Kutoka Mtwapa hadi Takaungu

Safari yenyewe huanza kuwa na sura baada ya daraja la Mtwapa. Karibu na hapo yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulio ukingoni mwa bahari. Sehemu ya barabara kati ya Mombasa na Kilifi imo katika mradi wa upanuzi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa hiyo dereva aongeze muda wa safari, na abiria avumilie vumbi.

Vipingo ndipo mashamba ya mkonge hutanda pande zote mbili. Mmea huu uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeupanda kwanza karibu na Tanga. Mistari yake iliyonyooka huyavuta macho mpaka upeoni, na katikati yake husimama mibuyu iliyoachwa na wakulima, kila mmoja na umbo lake. Asubuhi mapema, mwanga unapokuja kwa ubavu, magamba na mikunjo ya shina la mbuyu huonekana kama ngozi ya mzee. Ni vizuri kumweka mtu au baiskeli karibu na shina; bila hivyo picha haitaeleza ukubwa wa mti.

Mibuyu hiyo si pambo tu. Mwaka 2022 kadhaa iling'olewa katika kaunti ya Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Picha za miti hiyo mikubwa ikiwa imelazwa zilizagaa, wananchi wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza uchunguzi kuhusu idhini iliyotolewa. Waliokuwa wamepita miaka ya nyuma na kuipiga picha ikiwa imesimama, walijikuta wana ushahidi wa kitu ambacho hawakufikiri kingeweza kuondoka.

Mji wa Takaungu

Barabara ya Takaungu hushuka polepole hadi kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zikiwa na paa za makuti, nyingine zikiwa kuta tupu zilizoshikwa na mizizi. Chini yake kuna hori jembamba linaloelekea baharini. Mgeni asiyejua kilichopita hapa atapiga picha ya kijiji tulivu cha wavuvi. Picha hiyo itakuwa kweli, lakini nusu tu ya kweli.

Mwaka 1837 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliwashinda Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa. Waliookoka waligawanyika: baadhi walikwenda Gazi, kusini mwa Mombasa, na wengine wakaja Takaungu. Hapa walijenga upya utawala wao, wakafanya urafiki na biashara na Wagiriama waliokaa nyuma ya pwani, na nafaka ikapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni.

Kazi ya mashamba hayo ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa. Baadhi yao walitoroka na kuanzisha makazi ya watoro bara, kama vile Fuladoyo. Sheria haikuacha kuutambua utumwa katika ukanda huu hadi mwaka 1907. Ukuta wa matumbawe unaopendeza jioni ulijengwa na mikono ambayo majina yake hayakuandikwa popote.

Mwaka 1895 mtawala wa Takaungu alifariki dunia, na Waingereza wakaingilia kati suala la nani arithi. Aliyenyimwa kiti alikataa uamuzi huo, Mbaruk bin Rashid wa Gazi akajiunga na upande wake, na vita vikaenea pwani nzima. Vilimalizika mwaka 1896 Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Baada ya hapo Takaungu haikurudia tena nguvu zake.

Jina la mji huu liliingia pia katika vitabu vya nje. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Denys Finch Hatton alikuwa na nyumba hapa, na Karen Blixen aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu maisha yake Kenya. Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931, alikuwa mwindaji wa kukodiwa ambaye katika miaka yake ya mwisho aliwashawishi wateja wake kushika kamera badala ya bunduki, na alilaani hadharani mauaji ya wanyama kwa kutumia magari katika Serengeti.

Hodi kabla ya kamera

Takaungu si bustani ya maonyesho. Ni mahali ambapo watu wanaishi, wanaswali na wanazika. Mgeni anayeteremka garini kamera ikiwa tayari usoni huwa amevunja heshima kabla hajasema neno.

Utaratibu ni mwepesi. Salamu hutangulia: shikamoo kwa mzee, na salamu ya amani kwa waliokaa barazani. Mtu hujieleza ametoka wapi na anataka nini. Kamera hubaki mkobani mpaka mazungumzo yaanze. Aghalabu mwenye nyumba ndiye atakayesema ni upande gani wa jengo ulio mkongwe zaidi. Milango ya wanawake isielekezewe kamera. Msikiti usipigwe picha wakati wa swala, na makaburi yasikanyagwe. Akikataa mtu, shukrani hutolewa na mgeni huendelea na safari yake.

Kwa upande wa watoto, hekima ni kumwendea mzazi kwanza. Jambo hili sasa lina mkono wa sheria. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, sura ya mtu huhesabiwa kuwa sehemu ya taarifa zake binafsi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha inayokaa katika albamu ya familia haina matata hayo. Inayotangazwa kwa ajili ya biashara huwa nayo.

Wenye ndege zisizo na rubani wakumbuke kanuni za mwaka 2020 zinazotaka chombo hicho kisajiliwe na mamlaka ya usafiri wa ndege. Kambi za jeshi na vituo vya polisi havipigwi picha. Na misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, haiingiwi wala kupigwa picha bila ruhusa ya wazee wake.

Kaskazini mwa hori

Baada ya Takaungu njia huelekea Mnarani, penye magofu ya misikiti na kaburi la mnara, kisha daraja la Kilifi. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivushwa kwa feri. Kutoka ukingo wa Mnarani jioni, mtu hutazama hori likipanuka kuelekea bara na jua likizama nyuma yake. Si busara kusimamisha gari juu ya daraja. Mahali pa kutazamia papo pande zote mbili.

Mbele zaidi, msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, hufuata mkono wa kushoto. Ni saa za mchana mkali ndipo kivuli chake huwa na faida. Gedi, magofu yaliyo ndani ya miti karibu na Watamu, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Humo mwanga hupenya kwa vipande, na subira ya dakika chache hulipwa. Mwenye siku ya ziada anaweza kupita Malindi hadi Marafa, ambako kuta nyekundu za korongo liitwalo Nyari huwaka kabla tu ya magharibi.

Chumvi na unyevu ni maadui wa kila kifaa njiani humo. Kamera inayotolewa ghafla kutoka gari lenye kiyoyozi hufukiwa na ukungu kwenye lenzi. Iachwe mkobani kwa robo saa izoee joto. Lenzi ya simu ipanguswe kwa kitambaa laini kila baada ya kukaa ufuoni. Na dereva asishike simu: picha ni kazi ya abiria, au ya gari lililoegeshwa.

Picha iliyorudisha vigango

Kwa nini basi mtu ajisumbue na tarehe, jina na mahali, wakati angeweza kubofya na kupita?

Jibu moja liko huko huko bara ya Kilifi. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa kijiji cha Chalani akiwa kando ya vigango viwili, nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wamijikenda huwasimikia marehemu wa chama cha Gohu. Vigango hivyo vilikuwa vya ndugu zake wawili. Baadaye viliibwa. Mzee akafariki dunia bila kuviona tena.

Miaka kadhaa ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy aliona picha ya vigango vilivyohifadhiwa katika makumbusho, akakitambua kimoja. Kilikuwa katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ya mwaka 1985, ikiwa na mahali na mwenyewe, ilithibitisha vilikotoka. Mwaka 2007 familia ilivipokea tena.

Picha hiyo haikupigwa kwa ustadi wa pekee. Nguvu yake ilikuwa kwamba aliyeipiga alijua yuko wapi, anasimama na nani, na anatazama nini, na kwamba aliihifadhi.

Msafiri wa kipupwe anaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama yoyote. Jioni, kabla ya kulala, achague picha kumi tu kati ya mia mbili. Kando ya kila moja aandike mahali, siku na jina la aliyempokea, iwapo ameridhia. Aweke nakala mahali pa pili mbali na simu. Na kama alimwahidi mtu wa Takaungu nakala ya picha, aipeleke.

Nyumba za matumbawe huendelea kuporomoka, mibuyu huweza kung'olewa kwa siku moja, na barabara ikipanuliwa hubadilisha kila kilichokuwa ukingoni mwake. Huenda picha iliyopigwa Agosti hii na mtoto aliyekaa kiti cha nyuma ndiyo itakayoulizwa miaka thelathini ijayo, mtu atakapotaka kujua ukuta ule ulisimama wapi.